Kware Walipohamishiwa Kwa Kuku

Mkenya ukimtajia kware, atakutajia bei. Mwaka 2013 yai moja la madoadoa, lenye uzito wa gramu 10 hivi, lilifika shilingi 100. Likasifiwa kwamba linatibu kisukari, shinikizo la damu, hata saratani. Watu walikopa. Walipanga foleni kwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kuomba vibali vya kuwafuga, maana kisheria kware alihesabiwa ndege wa porini. Mwaka uliofuata soko likaporomoka, mayai yakakosa wa kuyataka.

Mimi niliyekuwa nikiwaangulia watu mayai kwa mashine huku Siaya nina lingine la kukumbuka. Ndege walianza kufa bei ikiwa bado juu.

Kwetu kware si mgeni. Wazee walisimamisha mti mrefu, wakaufunga vikapu vyenye kware wa kuita wenzao, na chini wakatandaza mitego. Lakini hao walikuwa wa porini, wa kutegwa na kuliwa. Wa 2013 walikuwa wa asili ya Japani, waliozoeshwa kufugwa, wanaoanza kutaga wakiwa na wiki sita au saba. Hakuna mzee aliyewahi kumwangua huyo, kwa hiyo hapakuwa na wa kuulizwa. Tukafuata tulichokijua, yaani kuku.

Mteja alikuja na trei ya mayai ya kuku na kikapu cha mayai ya kware, akataka yaingie mashineni siku moja alipe mara moja. Kware huanguliwa siku ya 17 au 18, kuku ya 21. Ikifika siku ya 15, mayai ya kware hayageuzwi tena na unyevu unaongezwa, huku ya kuku yangali yanataka kugeuzwa. Ukimridhisha huyu unamuumiza yule. Kisha vifaranga wa kware wakitoka, mashine inajaa maganda na vumbi la manyoya katika joto la nyuzi 37.5, na mayai ya kuku bado yamo humo humo. Kwa hiyo niliyatanguliza ya kuku siku nne. Wateja walinuna, walidhani natafuta malipo mara mbili.

Nyumbani mambo yalizidi. Kifaranga wa kware hafiki gramu 10. Chombo cha maji cha kuku kwake ni kisima. Niliwaambia watie kokoto ndani. Waliopona maji walikanyagwa na vifaranga wa kuku.

Ila kilichomaliza mabanda ni magonjwa. Kuku aliyepona mafua makali, yale ya uso kuvimba na kamasi inayonuka, huonekana mzima huku akiendelea kuyaambukiza, na kware huyapata. Kware naye ana ugonjwa wa vidonda vya utumbo unaoweza kumwua akiwa amenona, bila dalili yoyote, na kuku huambukizwa pia. Kijidudu chake hudumu sakafuni kwa muda mrefu sana. Soko lilipokufa, niliona majirani wakirudisha kuku katika mabanda yale yale, juu ya maranda yale yale.

Vijana wameanza tena kuniuliza habari za kware. Jibu langu halijabadilika: chagua ndege mmoja, au jenga mabanda mawili yaliyoachana, kila moja na vyombo vyake na viatu vyake.