Mtandamboo: Uzio wa miiba unaozaa matunda

MTANDAMBOO ni mti mdogo wa asili wenye miiba, unaostahimili ukame na kuzaa matunda madogo yanayoliwa. Wataalamu wa mimea huuita Carissa spinarum, jina lililochukua nafasi ya lile la Carissa edulis. Nchini Rwanda hujulikana kama umuyonza.

Kwa wakazi wa Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, thamani yake haiko katika matunda pekee. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka mpaka wa Rusumo katika muda wa siku moja hivi, na kambi kubwa ikaanzishwa Benaco, wilayani Ngara. Hadi wengi wao waliporudishwa kwao Desemba 1996, miti mingi ilikuwa imekatwa kwa ajili ya kuni na kujengea vibanda.

Uzio wa matawi yaliyokatwa huliwa na mchwa na kudai matawi mengine kila mara. Uzio wa mtandamboo, kinyume chake, huendelea kukua, huzuia mifugo kwa miiba yake na kuipatia familia matunda.

Kuuotesha hakuhitaji gharama kubwa. Matunda yachumwe yakiwa yameiva kabisa, yaani yametoka katika wekundu na kuwa ya zambarau iliyokaribia weusi. Yapondwe taratibu ndani ya maji, mbegu zitenganishwe na nyama, kisha zianikwe kivulini. Ni vema zisihifadhiwe muda mrefu, bali zisiwe zimepoteza upya wake zinaposiwa.

Viriba vijazwe udongo wa juu uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza. Mbegu zifukiwe kwa kina kidogo, zimwagiliwe bila kutuamisha maji na kuwekewa kivuli chepesi. Miche inapokaribia kuhamishwa, kivuli na maji vipunguzwe hatua kwa hatua ili izoee jua.

Kagera hupata misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na mwanzo wa msimu ndio wakati mwafaka wa kupeleka miche shambani. Kwa uzio, ipandwe kwa nafasi ya nusu mita hadi mita moja, kisha ipogolewe ili itoe matawi kuanzia chini. Aidha, miche michanga ilindwe dhidi ya mbuzi.

Hata hivyo, mkusanyaji wa mbegu hana budi kuwa makini. Msunguti, mti wa ukoo huo huo ambao tangu zamani umechemshwa kupata sumu ya mishale, hufanana mno na mtandamboo: yote miwili ina utomvu mweupe, maua yenye harufu nzuri na matunda ya zambarau. Tofauti iliyo wazi ni kwamba msunguti hauna miiba. Tunda la mti usio na miiba lisichumwe, wala watoto wasiachwe kulionja.