Kulea Uhai Katika Majira ya Baridi

Mwishoni mwa mwaka 1983 wachimbuzi wa mambo ya kale walilifunua kaburi moja huko Zhangjiashan, katika jimbo la Hubei nchini China, wakakuta ndani yake vibanzi vya mwanzi zaidi ya 1,200 vilivyoandikwa kwa wino. Na kwa kuwa miongoni mwa maandiko hayo ilikuwamo kalenda inayokoma mwaka 186 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, wanazuoni hawakupata taabu kubwa kukadiria wakati aliozikwa mwenye kaburi, ambaye jina lake halikusalia, lakini ambaye kwa dalili zilizopo alikuwa mtumishi wa serikali wa daraja ya chini. Vitabu alivyozikwa navyo vilikuwa vya mtu wa kazi: sheria za dola ya Han, hukumu za kesi ngumu, mafunzo ya hesabu, risala ya mishipa na maradhi, na pamoja navyo kitabu kifupi kiitwacho Yinshu, kinachofundisha namna ya kunyoosha viungo na kuongoza pumzi. Naona ni jambo la kuzingatiwa kwamba kitabu hiki hakianzi na mazoezi. Kinaanza na majira ya mwaka.

Maagizo yake kwa wakati wa baridi yanagusa mambo ya chumbani kabisa. Mtu aoge na kuosha nywele mara kwa mara. Mikono na uso wake avizoeze ubaridi, lakini miguu na kiwiliwili avihifadhi katika joto. Alalapo ajinyooshe sawasawa. Na asubuhi asifanye haraka ya kuamka. Mashauri hayo yananasibishwa na Pengzu, mzee wa hekaya ambaye Wachina walimhesabia umri wa miaka 800, na hata asiyesadiki hesabu hiyo hana budi kukiri kwamba aliyeyatunga alikuwa ameonja baridi ya kweli. Baada ya hayo ndipo kitabu kinapoeleza mazoezi yenyewe, moja baada ya jingine, pamoja na maradhi ambayo kila moja linakusudiwa kuyatibu. Kwa hiyo mazoezi ya pumzi, mwendo na utulivu wa moyo, ambayo leo hujulikana ulimwenguni kwa jina la chigongi, tunayakuta zamani zile yakiwa tawi tu la elimu kubwa zaidi, elimu ya kuishi kwa kufuata kalenda.

Msomaji wa pwani, ambaye baridi yake kali ni kipupwe cha Juni na Julai kinachoshindwa na shuka ya pili, hana budi kujitahidi kidogo ili aione hali ya watu wale. Upepo wa kaskazini hushuka kutoka Siberia ukiwa mkavu na mkali. Huko Beijing wastani wa mwezi wa Januari huwa chini ya sifuri, na katika vijiji vya kaskazini jamaa nzima walikuwa wakilala juu ya jukwaa la matofali ambalo moshi wa moto wa jikoni hupitishwa chini yake kabla ya kutoka nje, hata matofali yakashika joto la kutosha usiku kucha. Mashamba yamelala, na kazi ya jembe haipo. Katika hali kama hiyo suala la namna ya kuutunza mwili halikuwa anasa ya wanafalsafa.

Kanuni yenyewe iliwekwa bayana katika Huangdi Neijing, kitabu kikuu cha utabibu wa Kichina, ambacho wanazuoni wengi wanakubali kuwa kilikusanywa yapata karne ya kwanza kabla ya Masihi. Mlango wa pili wa sehemu yake iitwayo Suwen unaugawa mwaka katika mafungu manne ya miezi mitatu mitatu, na kila fungu unalipa saa zake za kulala na kuamka: katika majira ya kuchipua na katika majira ya joto mtu achelewe kulala na awahi kuamka, majani yanapopukutika awahi kulala na aamke pamoja na jogoo, na katika majira ya baridi peke yake ndipo anaporuhusiwa kulala mapema na kubaki malazini hata jua lichomoze. Sababu ni kwamba miezi mitatu ya baridi ilihesabiwa kuwa miezi ya kufunga milango na kuweka akiba. Maji yameganda, ardhi imepasuka, na ile nguvu ya joto na uhai ambayo Wachina huiita yang imerudi ndani kabisa, basi mwanadamu naye asiitikise. Auepuke ubaridi, atafute joto, aitunze nia yake kama mwenye siri, na zaidi ya yote asiiachie ngozi yake kutoa jasho, kwa kuwa jasho huondoka pamoja na nguvu iliyokusudiwa kuhifadhiwa. Atakayehalifu huziumiza figo, ambazo katika elimu yao ni hazina ya asili ya uhai na ndugu wa maji na wa baridi, na si kile kiungo tu akijuacho mpasuaji wa leo; na adhabu yake haimfikii papo hapo, bali humngoja hata majira ya kuchipua, atakapoona viungo vyake vimelegea wakati kila kiumbe kinaamka.

Ni dhahiri kwamba maagizo haya yaliandikwa kwa watu waliokuwa na mtumishi wa kuwasha moto. Mkulima wa dola ya Han, ambaye miezi yake ya mapumziko ya shamba ndiyo hasa iliyokuwa miezi ya kuitwa kazini kuchimba mifereji na kujenga kuta za serikali, hakuwa na ruhusa ya kungoja jua malazini. Hata hivyo dola yenyewe ilijaribu kuitii kanuni hiyo kwa namna yake, kwa maana tarehe za Han ya Mashariki zinasimulia kwamba siku zilizo karibu na usiku mrefu kupita zote, yaani kati ya tarehe 21 na 23 Desemba kwa hesabu yetu, waungwana walitakiwa kuituliza miili yao na maofisa wakasimamisha shughuli za utawala. Kitabu cha Yijing nacho kinataja wafalme wa kale waliofunga njia za mipakani siku hiyo, wasafiri na wafanyabiashara wasipite. Waliamini kwamba usiku ule nguvu ya yang huzaliwa upya ikiwa changa mno, na kwamba kelele za soko na mbio za farasi zingeweza kuidhuru.

Nisiwachoshe wasomaji kwa kuorodhesha kila andiko lililofuata. Yatosha kutaja kitambaa cha hariri kilichotolewa mwaka 1973 katika kaburi la tatu la Mawangdui, mjini Changsha, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Masihi, ambacho kina picha za watu 44 katika safu nne, wanaume na wanawake, wazee na vijana, wengine wamevaa kanzu na wengine vifua wazi, kila mmoja katika zoezi lake. Na yatosha kumtaja tabibu Hua Tuo, aliyeuawa kwa amri ya mbabe wa vita Cao Cao yapata mwaka 208, ambaye alimfundisha mwanafunzi wake Wu Pu kuiga miendo ya chui milia, paa, dubu, nyani na ndege, akamwambia aache pindi jasho jepesi linapoanza kutoka. Jasho jepesi, na wala si la kutiririka. Mpaka huo uliwekwa kwa mazoezi ya siku zote, nao unafaa kukumbukwa na kila asomaye onyo la Suwen juu ya miezi ya baridi.

Palipo na utamu mkubwa kwangu ni pale wataalamu wa zamani wanapopingana. Katika enzi ya Ming kulisambaa mfululizo wa mazoezi 24 ya kukaa kitako, moja kwa kila kipindi katika vile vipindi 24 ambavyo falaki ya Kichina huugawia mwaka wa jua, nayo yalinasibishwa na Chen Tuan, mtawa wa mlima Hua aliyefariki mwaka 989. Zoezi la kipindi cha usiku mrefu ni hili: mtu akae sawasawa na kuinyoosha miguu yote miwili mbele yake, akunje ngumi, azikandamize juu ya magoti kwa nguvu zake zote, kushoto na kulia, mara tatu hata tano, kisha atoe pumzi na kuivuta, agonganishe meno, na ayameze mate yake. Lote hilo halichukui muda mrefu, wala halimtoi mtu jasho, wala halimwondoi penye joto, na kwa hayo limeitii kanuni ya Suwen barabara. Lakini saa yake ni ipi? Ni kati ya saa tano usiku na saa tisa, yaani saa ambazo Suwen ingetaka mtu yule awe amekwisha kuzama usingizini. Na kichekesho ni kwamba Chen Tuan anasifika katika ngano za Wachina kwa jambo moja kuliko yote, nalo ni kulala, kwa maana yasimuliwa kuwa alikuwa akilala miezi kwa miezi bila ya kuamshwa na mtu.

Mazoezi hayo tunayakuta yamehifadhiwa katika Zunsheng Bajian, kitabu kilichotolewa mwaka 1591 na Gao Lian wa Hangzhou, mtunzi wa tamthilia na mpenzi wa chai, udi na maua, ambaye aliyapanga mashauri yake ya siha kwa kufuata majira manne. Gao Lian hakuona haja ya kuwapatanisha Suwen na Chen Tuan. Aliyaweka maneno ya wote wawili kitabuni mwake, akamwachia msomaji hiari. Nami nasema alifanya vyema, kwani mapokeo haya hayakuwa sheria moja iliyoteremshwa kutoka juu, bali yalikuwa maghala mengi ya maarifa, na kila mtu alichukua kwa kadiri ya umri wake, nyumba yake na kuni zake.

Jikoni nako kulikuwa na sehemu yake. Mchuzi wa nyama ya kondoo uliopikwa kwa tangawizi na mizizi ya danggui, ambao mpaka leo huliwa sana China wakati wa baridi, umo katika kitabu cha tabibu Zhang Zhongjing wa mwisho wa enzi ya Han, na humo uliagizwa kwa maumivu ya tumbo yaletwayo na ubaridi na kwa mwanamke aliyetoka kujifungua. Jambo ambalo wakunga wetu wa pwani, wamnyweshao mzazi uji wa pilipili manga ili kumtoa baridi, wangelielewa bila ya mkalimani. Na ili baridi ile isionekane haina mwisho, watu waliihesabu: tangu usiku mrefu walihesabu tisa mara tisa, jumla siku 81, na katika nyumba nyingi palibandikwa dirishani picha ya tawi la maua yenye petali 81, kila siku petali moja ikitiwa rangi, na mwandishi mmoja wa enzi ya Yuan anasimulia kuwa wanawake waliitia kwa rangi ile ile ya mashavu walipokuwa wakijipamba asubuhi.

Karne ya 20 iliyachukua mazoezi ikaiacha kalenda. Mwaka 1947 Liu Guizhen, mtumishi wa Chama cha Kikomunisti katika jimbo la Hebei, alirudi kwao akiwa taabani kwa vidonda vya tumbo, akafundishwa pumzi na mzee mmoja wa huko, na kwa riwaya yake akapona baada ya siku 102. Wakuu wake walipendezwa. Mwaka 1949 jina la chigongi likapitishwa kuwa jina rasmi la tiba hiyo, na katikati ya miaka ya 1950 zikafunguliwa nyumba za matibabu huko Tangshan na baadaye huko Beidaihe, kando ya bahari. Kitabu alichotoa Liu mwaka 1957 kinampangia mtu zoezi kwa ugonjwa wake: hili la tumbo, hili la udhaifu wa mwili. Majira hayakuwa tena bwana wa ratiba, na yale yaliyonukia itikadi za kale yaliondolewa kwa makusudi. Hayo yote hayakumwokoa Liu, kwani Mapinduzi ya Utamaduni yalipofika alishutumiwa na kushushwa, na tiba yake ikapigwa marufuku.

Tiba hiyo ilifufuka katika bustani za Beijing, ambako tangu mwanzo wa miaka ya 1970 mchoraji Guo Lin, aliyekuwa ameugua saratani, aliwafundisha wagonjwa wenzake kutembea kwa pumzi. Na katika miaka ya 1980 ikawa vuguvugu la mamilioni, lenye walimu wa kweli na walaghai pamoja, hata mwaka 1999 serikali ilipopiga marufuku jumuia ya Falun Gong na kuzikaza jumuia zote za namna hiyo. Mwaka 2003 idara ya michezo ya taifa ilitoa mifululizo minne iliyosafishwa na kusanifishwa, ukiwamo ule wa wanyama watano na ule wa Vipande Nane vya Hariri, nayo ndiyo inayofundishwa leo katika nchi nyingi. Miaka 13 baadaye, katika mkutano uliofanyika Addis Ababa, UNESCO ikaviandika vile vipindi 24 vya mwaka katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Hivyo kalenda na mazoezi vimehifadhiwa vyote viwili, lakini na mikono mbalimbali. Mfululizo uliosanifishwa hufuata hatua zile zile Januari na Julai, wala haumwambii mtu alale saa ngapi. Na mtu wa Harbin au wa Toronto anayeufanya nje alfajiri katika barafu, kwa kasi, hata fulana yake ikalowa jasho, huenda amefanya mazoezi mema ya viungo, lakini kwa hukumu ya Suwen ameitumia akiba yake katika mwezi alioamriwa kuiweka.