Dhamana Isiyo ya Fedha

Leo tutasimulia habari za mahabusu wa mji wa New York, Marekani.

Kwanza tuelewe neno lenyewe. Mahabusu ni mtu aliyeshtakiwa, lakini kesi yake haijakatwa. Bado hajaonekana kuwa na hatia. Dhamana huwekwa ili arudi siku ya kesi.

Mwaka 1960 dhamana ya huko ilikuwa fedha. Mwenye fedha alikwenda kwake. Maskini alibaki ndani, hata kwa kosa dogo. Akapoteza kazi, na watoto wake wakataabika.

Mhandisi mmoja tajiri, Bwana Louis Schweitzer, alilitembelea gereza la Brooklyn. Alikuta vijana wengi wamefungiwa kwa kukosa dhamana tu. Akasikitika sana. Mwaka 1961 alianzisha chama, akakiita Vera, jina la mama yake. Bwana Herbert Sturz, aliyekuwa mhariri wa jarida, akakiongoza.

Walifanyaje? Walipatana na mahakimu. Wanafunzi wa sheria wakaenda mahakamani kuwauliza washtakiwa: Unakaa wapi, na tangu lini? Unaishi na nani? Unafanya kazi gani? Umewahi kufungwa? Kila jibu lilipewa alama, kisha jamaa au mwajiri akaulizwa kama ni kweli. Aliyepata alama za kutosha aliombewa kwa hakimu aachiliwe kwa ahadi yake, bila fedha. Walioshtakiwa kwa makosa mazito, kama kuua, hawakuingizwa.

Je, jambo hili lilifaa? Walilipima kwa mafungu mawili ya watu. Katika fungu la kwanza hakimu alipewa maelezo. Katika la pili hakupewa. Fungu la kwanza, watu 60 hivi katika kila 100 waliachiliwa. Fungu la pili, 14 tu. Tena, katika miaka mitatu ya kwanza, walioachiliwa wakakataa kurudi kwa kusudi hawakufika 2 katika kila 100.

Mwaka 1964 mahakimu, waendesha mashtaka, mawakili na polisi walikutana Washington kulijadili jambo hili. Mwaka 1966 Rais Johnson alitia sahihi sheria ya dhamana kwa mahakama za serikali kuu.

Lakini msidhani kazi ilikwisha. Magereza yalijaa tena. Kufika mwaka 1991 New York ilikuwa na wafungwa na mahabusu zaidi ya 20,000. Hata leo, wengi waliomo katika magereza ya miji ya Marekani hawajahukumiwa. Kwa hiyo tukumbuke: hakimu hawezi kujua kwamba mtu ana jamaa na kazi, ila aulizwe. Kuuliza huko ni kazi ya kila siku.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Mahabusu na mfungwa wana tofauti gani?
2. Kwa nini jamaa na kazi humrudisha mtu mahakamani?
3. Mtu akiwekwa ndani mwezi mzima, nani wengine huumia?