Ule Upinde wa Ukutani Haukuwahi Kurusha Mshale: Ijue Keke na Ndugu Zake

Umeuona mahali. Kijiti kimepinda kidogo, kamba imelegea, mti umekolea weusi kwa jasho la mikono. Mtu kaununua kwenye duka la vitu vya kale, kaambiwa ni upinde wa kuwindia, kautundika sebuleni juu ya kochi. Wageni wanapiga nao selfi. Unapendeza kweli, hilo halina ubishi.

Lakini hebu uangalie vizuri. Upinde wa mshale lazima mti wake upindike ukivutwa, na kamba iwe imekaza mpaka inalia. Huu mti ni mgumu, haupindiki. Na kamba imelegea kwa makusudi, kwa sababu ilitakiwa izungushwe mara moja kwenye kijiti kingine. Hicho kijiti kingine kiko wapi? Hapo ndipo kwenye habari yenyewe.

Mdau, huo ni uta wa keke. Na keke ndiyo drili ya mafundi wa Pwani, enzi ambazo umeme haukuwa hata ndoto.

Keke nzima ina vipande vinne. Kuna uta wenyewe. Kuna msukano, yaani kijiti cha mviringo kinachozungushwa na kamba. Chini ya msukano kuna kekee, chuma kinachotoboa. Na juu kabisa kuna jivu, kishikio ambacho fundi anakikandamiza kwa kiganja huku msukano ukizunguka ndani yake. Mkono mmoja unakandamiza, mwingine unaenda na kurudi na uta, mithili ya mpiga fidla kwenye taarabu. Vumbi la mti linaanza kumwagika, tundu hilo linaingia.

Sasa kitu kitamu zaidi kiko kwenye chuma. Ukichukua kekee ukailinganisha na ncha ya drili ya dukani leo, utaona tofauti fasta. Ya leo imesokotwa, inakula mti ikizunguka upande mmoja tu. Ukiigeuza inateleza. Kekee ni bapa, imechongoka kama mkuki wa mwanasesere, kingo zake mbili zote zinakula. Lazima iwe hivyo, maana uta ukienda msukano unazunguka kulia, ukirudi unazunguka kushoto. Kwa hiyo ukiokota chuma kidogo bapa chenye ncha ya namna hiyo kwenye sanduku la vyuma chakavu, usikimbilie kusema ni kichwa cha mshale.

Na wazo hili ni la kale kuliko watu wanavyodhani. Kule Misri, kwenye kaburi la waziri mkuu aliyeitwa Rekhmire, kuna michoro ya mafundi seremala wakiwa kazini, na mmoja anatoboa tundu kwa drili ya uta. Ni kama miaka 3,400 iliyopita. Jina la mwenye kaburi tunalo, vyeo vyake tunavyo. Jina la fundi? Hakuna. Kilichobaki ni mkono wake na kifaa chake. Hii haina maana kwamba keke ya Pwani ilitoka Misri moja kwa moja, kwani drili za uta zimetumika nchi nyingi. Ila fundi wa Nungwi angeitazama ile picha, angejua jamaa anafanya nini bila kuelezwa.

Kwa nini Pwani ilihitaji kutoboa sana kiasi hicho? Jibu ni vyombo vya bahari. Zamani kulikuwa na mtepe, jahazi lililoshonwa. Ndiyo, kushonwa, kama unavyoshona kiatu. Mbao hazikupigiliwa misumari, zilitobolewa tundu kwa tundu ubavuni kote, zikaunganishwa kwa kamba za nazi. Tundu moja likikaa vibaya, mshono haukai, na maji hayana huruma. Piga hesabu mwenyewe ni tundu ngapi kwenye chombo kizima.

Na ushonaji huo si wa jana. Kuna kitabu cha mwongozo wa wafanyabiashara wa bahari kiitwacho Periplus, kiliandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, na aliyekiandika hajulikani jina hadi leo. Kinataja mji wa biashara wa pwani hii ulioitwa Rhapta, na kinasema jina hilo limetokana na mashua za kushonwa. Kisha kinaorodhesha bidhaa zilizokuwa zikiletwa huku kutoka ng'ambo: mikuki, shoka ndogo, visu, vioo, na vyuma vidogo vya kutobolea. Yaani wakati watu wengine wanawaza dhahabu na pembe, kuna mtu alikuwa anasubiri meli ilete vifaa vya kazi. Huyo ni fundi, hakuna mwingine.

Mtepe ulikuja kutoweka, majahazi ya misumari yakashika nafasi. Keke haikuondoka. Mti mgumu ukiupigilia msumari hivihivi unapasuka, kwa hiyo unautoboa kwanza.

Ndugu wa keke wanaochanganya watu zaidi ni wawili. Wa kwanza ni tezo. Kwa mbali ni kijembe cha mtoto, maana bapa lake limekaa kukingama na mpini. Ila jembe ni jembamba na ukingo wake umeliwa na udongo, umekuwa butu na mviringo. Tezo ni nene, limenolewa upande mmoja, na lilikuwa kali kama wembe. Kazi yake ni kuchonga mbao na mataruma ya chombo. Ukipapasa ubao uliochongwa kwa tezo, unasikia vibonde vidogo vidogo kwenye vidole.

Wa pili ni chembeu, na huyu ndiye anayeonewa zaidi. Anafanana na patasi, lakini hana makali. Mtu akimpata anasema, "Aisee, patasi imekufa hii," anampeleka kwenye jiwe la kunolea. Basi, kwisha habari. Chembeu ameumbwa butu. Kazi yake ni kalafati: kusukuma pamba iliyolowekwa mafuta kwenye nyufa za mbao ili chombo kisivuje. Ukimtia makali anakata pamba badala ya kuisindika. Ubutu wake ndio uliokuwa ukiwavusha watu salama.

Ndiyo maana mwenye kitu cha namna hii asikimbilie msasa na vanishi. Mng'ao unapendeza kwenye picha, sawa, lakini unafuta ushahidi wote. Mfuo uliochimbwa na kamba kwenye msukano ndio unaosema hiki kilizungushwa. Shimo lililolainika ndani ya jivu ndilo linaloonyesha ncha ilikuwa inakaa wapi. Sehemu iliyong'aa kwa kiganja kwenye mpini inakwambia fundi alishika kwa mkono gani. Ukishapiga randa na rangi, umebaki na kijiti.

Balaa kubwa kuliko vanishi ni kutenganisha. Uta unauzwa huku, msukano unatupwa kama kuni, kekee inaenda kwa wanunuzi wa vyuma kwa kilo, na jivu linageuka kifuniko cha sijui nini. Kila kipande peke yake ni bubu. Na wazee wanaoweza kuvikusanya na kuvitaja kwa majina, wale wa Nungwi na wa Matondoni kule Lamu, hawaongezeki. Waulizwe wakiwa bado wanakaa kivulini pale ufukweni.

Kwa hiyo siku muuzaji akikuonyesha "upinde wa kuwindia" wenye kamba legelege, usibishane naye bei kwanza. Muulize kijiti chake kiko wapi.