Gari-Nyumba na Yadi ya Malori: Historia ya Kulala Barabarani

Kila mwaka maelfu ya watu huko Ulaya na Marekani hulipa kiingilio na kuingia katika kumbi kubwa kutazama magari yaliyogeuzwa kuwa nyumba. Hufungua makabati, hujinyoosha juu ya vitanda vya kukunja, hupima kwa macho nafasi ya jiko, kisha hurudi kwao na mawazo ya kugeuza gari lao wenyewe. Katika insha hii nitaliita gari la namna hiyo gari-nyumba. Swali langu ni la kihistoria: je, sisi watu wa Rusizi, wilaya ya mpakani iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu hadi mwaka 2006, tuna historia yoyote ya gari-nyumba? Ninadai kwamba tunayo. Haikuandikwa kwa sababu walioiishi walikuwa madereva na matingo, na maonyesho yao yalifanyika katika yadi za malori.

Nianze na historia iliyoandikwa. Mwaka 1910, katika maonyesho ya magari yaliyofanyika Madison Square Garden, New York, kampuni ya Pierce-Arrow ilileta gari lililoitwa Touring Landau. Kiti cha nyuma kilikunjuka kikawa kitanda, na beseni la kunawia lilikunjuliwa kutoka nyuma ya kiti cha dereva. Gari hilo lilikuwa la matajiri, na dereva wake alikuwa mtumishi. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilitengeneza sanduku la samani la kuweka ndani ya gari dogo la Volkswagen. Sanduku hilo liliweza kutolewa, hivyo gari lilifanya kazi siku za wiki na kuwa nyumba siku za mapumziko. Mwaka 1962 maonyesho maalumu ya karavani yalianza katika mji wa Essen, na baadaye yakahamia Düsseldorf, ambako yanaendelea hadi leo.

Afrika iliingia katika masimulizi hayo kama mahali pa kupitia tu. Tarehe 28 Oktoba 1924, Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil waliondoka Colomb-Béchar, Algeria, na magari 8 ya Citroën yenye mikanda badala ya magurudumu ya nyuma. Walibeba hema, vyombo vya kupikia na kamera za sinema. Walipofika Kampala waligawanyika makundi manne: moja lilielekea Mombasa, jingine Dar es Salaam, la tatu Msumbiji na la nne Rasi ya Tumaini Jema. Safari ikaishia Madagaska mwezi Juni 1925. Filamu ya Léon Poirier kuhusu safari hiyo ilionyeshwa Ufaransa mwaka 1926, na Wafaransa wakajifunza majina ya wasafiri na hata majina waliyoyapa magari. Vibarua wa Kiafrika waliotengeneza njia na kubeba petroli hawakupata nafasi hiyo. Kasoro hii ndiyo inayonifanya nitafute ushahidi mahali pengine.

Ushahidi wangu mkuu ni masimulizi ya mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyeanza kazi ya utingo miaka ya 1970 na baadaye akawa dereva. Alisafiri kati ya Dar es Salaam na Kigali, barabara ya kilomita 1,500 hivi, na mara nyingine mzigo ulimleta mpaka Kamembe kupitia msitu wa Nyungwe. Lori lake la kwanza halikuwa na kitanda. Kwa hiyo alikata ubao ukatosha kulazwa juu ya viti viwili, akaufunika kwa godoro jembamba. “Mpwa wangu,” aliniambia, “kabini ilikuwa ya tajiri mchana. Usiku ilikuwa yangu.” Utingo hakulala humo. Alilala juu ya shehena chini ya turubai, au chini ya trela mvua isiponyesha, kwa sababu kazi yake ya usiku ilikuwa kulinda mzigo.

Jiko nalo lilikuwa na mahali pake. Ubavuni mwa trela, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, fundi alichomelea sanduku la chuma. Mlango wake ulifunguka kwenda chini na kuwa meza. Ndani mlikaa sufuria, unga, mafuta, chumvi na jiko la mkaa. Karibu yake lilifungwa dumu la maji lenye bomba dogo. Turubai likivutwa kutoka juu ya trela na kufungwa kwenye vijiti viwili, sebule ilikuwa tayari.

Nilimuuliza alipata wapi wazo la sanduku hilo. Alijibu kwamba aliliona Rusumo, kwenye lori la dereva mmoja kutoka Mombasa. Walikuwa wamekaa siku kadhaa wakisubiri karatasi za forodha, na katika kusubiri huko kila mtu alizunguka akitazama magari ya wenzake. Aliyekuwa na chandarua kilichofungwa vizuri aliulizwa alivyokifunga. Aliyekuwa na rafu ya vikombe isiyopiga kelele barabarani aliombwa aionyeshe. Mjomba alipima sanduku la yule bwana kwa kamba, akafunga mafundo, na aliporudi Kamembe akampelekea fundi kamba hiyo. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye kiini cha historia yetu. Yadi ya forodha ilifanya kazi ileile ya ukumbi wa maonyesho, na foleni ndiyo iliyokuwa kiingilio.

Huenda msomaji akapinga kwamba gari-nyumba ni la starehe na lori ni la kazi, hivyo mambo haya mawili hayalingani. Pingamizi hili lina uzito, kwa sababu mjomba hakuchagua kulala barabarani. Hata hivyo, sanduku la mwaka 1951 linaonyesha kwamba hata Ulaya gari moja liliweza kuwa la kazi na la kulala. Tofauti kubwa iko kwingine: mwenye karavani anaweza kushuka akipenda.

Tofauti hiyo ilionekana wazi katika miaka ya karibuni. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa kuanzia Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022, malori yalilazimika kuzungukia njia nyingine. Mwaka 2020, wakati wa Korona, Rwanda iliagiza madereva wa nje wakabidhi malori yao Rusumo, na mwezi Mei madereva wa Tanzania waligoma. Mwezi Juni safari za kutoka na kuingia Rusizi zikazuiwa. Serikali zilikuwa na sababu za kiafya. Lakini dereva mmoja niliyezungumza naye Kamembe alikumbuka siku tisa alizokaa katika kabini huku watu wakimpitia mbali kana kwamba lori lenyewe linakohoa. Alipika, alifua na alisali humo.

Ushahidi wa historia hii unapotea haraka. Sanduku la mjomba liliuzwa pamoja na trela kama chuma chakavu, na malori ya siku hizi huja na kitanda kutoka kiwandani, kwa hiyo mafundi waliojua kazi hiyo wanazeeka bila wanafunzi. Ninapendekeza sisi wanafunzi wa Kiswahili tuchukue jukumu la kukusanya masimulizi yao. Tuna faida moja ambayo wengine hawana: lugha ya yadi hizo, kuanzia Dar es Salaam na Mombasa hadi Kamembe na Bukavu, ni Kiswahili. Sanduku lile lilipokewa kutoka Mombasa kwa Kiswahili, likaagizwa kwa fundi wa Kamembe kwa Kiswahili. Tukienda na daftari katika yadi moja tu, kwa wiki moja tu, tutarudi na majina, vipimo na michoro ambayo hakuna maktaba iliyo nayo.