Rada yachunguza mapaa ya shule kuukuu Uingereza

MAMIA ya shule za Uingereza zilizojengwa miaka ya 1950 hadi 1990 zilikutwa na mapaa ya zege jepesi lenye viputo vya hewa. Maji yakipenya, vyuma vyake huota kutu ndani kwa ndani, ilhali dari yaonekana nzima.

Mwaka 2018 paa la shule moja ya msingi huko Kent liliporomoka. Kwa bahati, ilikuwa wikendi. Agosti 31, 2023, siku chache kabla ya muhula kuanza, serikali iliagiza shule zaidi ya 100 zifunge majengo ya aina hiyo.

Kifaa cha rada huonyesha, bila kutoboa, iwapo vyuma vinafika pale kipande cha zege kinapoegemea ukuta. Visipofika, kipande chaweza kukatika ghafla. Hata hivyo rada haipimi nguvu za zege lenyewe. Wahandisi bado hupanda juu kutafuta nyufa na unyevu.