Bingwa wa maili aliyejenga Mkuza

KIBAHA. Julai mwaka huu inatimia miaka 50 tangu Michezo ya Olimpiki ya Montreal, ile ambayo Tanzania na nchi nyingine zaidi ya 20 za Afrika ziliisusia. Kwa vijana wengi hilo ni jambo la kusoma vitabuni. Kibaha inalo karibu zaidi, kwa sababu mtu aliyelipa gharama kubwa kuliko wote katika uamuzi ule ndiye aliyejenga shule na kituo cha michezo cha Olympafrika katika eneo la Mkuza. Jina lake limo kwenye sare za watoto: Filbert Bayi.

Kumbukumbu hii inakuja wakati ambao Watanzania wamerudi kuipenda riadha. Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu alimaliza marathoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2:09:48, muda uleule aliopewa Mjerumani Amanal Petros, na picha ya mstari wa kumalizia ikaonesha kwamba Simbu alitangulia kwa sekunde 0.03. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Nchi ilishangilia, kisha wengi wakauliza tulikuwa wapi miaka yote hiyo. Jibu linaanzia mbali, na sehemu yake kubwa inapita Mkuza.

Akhwari na walioanza

Habari ya John Stephen Akhwari kila Mtanzania anaijua. Oktoba 20, 1968, katika Olimpiki ya Mexico, kijana huyo wa Mbulu alianguka na kuumia goti katikati ya marathoni, akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda zaidi ya saa moja kabla Akhwari hajaingia uwanjani akichechemea, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio, ilimtuma azimalize. Jibu hilo limezunguka dunia nzima. Linalosahaulika ni kwamba Akhwari alikuwa mkimbiaji hodari kwelikweli: miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, alishika nafasi ya tano katika marathoni.

Nyuma yake akaja kijana wa Karatu, aliyezaliwa mwaka 1953 na baadaye kujiunga na Jeshi la Wananchi. Januari 1973, jijini Lagos, kwenye Michezo ya Afrika, Bayi alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika mita 1,500. Kumshinda Keino wakati huo kulikuwa sawa na kutangaza zama mpya.

Christchurch: aliyewaambia wamfuate

Mbio za kati za miaka ile zilikuwa na desturi yake. Wakimbiaji walikaa kundini, kila mmoja akimvizia mwenzake, kisha wakafyatuka katika mzunguko wa mwisho. Aliyeongoza mapema alionekana hana akili, maana huvunja upepo kwa ajili ya wenzake nao humlipa kwa kumpita mwishoni.

Bayi aliikataa desturi hiyo. Februari 2, 1974, huko Christchurch, New Zealand, katika fainali ya mita 1,500 ya Jumuiya ya Madola, aliondoka mbele tangu mlio wa bastola na kuwaacha wenzake mita nyingi nyuma. Watazamaji walisubiri achoke. Mwenyeji John Walker alimkimbiza katika mita 100 za mwisho akiwa na uwanja mzima nyuma yake, lakini pengo halikufungika. Bayi alimaliza kwa dakika 3:32.16, Walker kwa 3:32.52, na Mkenya Ben Jipcho akawa wa tatu. Bayi na Walker wote wawili waliipita rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun, iliyokuwa imedumu tangu 1967. Rekodi ya Bayi katika michezo hiyo ya Jumuiya ya Madola ilivunjwa mwaka 2022, baada ya miaka 48.

Mei 17, 1975, jijini Kingston, Jamaika, Bayi aliongeza rekodi ya dunia ya maili moja kwa dakika 3:51.0. Agosti ya mwaka huohuo Walker akaichukua kwa 3:49.4 na kuwa mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika 3:50. Dunia ikapata wapinzani wawili, mmoja Mtanzania na mwingine wa New Zealand, na wote wakatazamiwa kukutana Montreal mwaka 1976.

Mbio ambazo hazikukimbiwa

Kilichozuia mkutano huo kilianzia kwenye raga. Timu ya New Zealand, All Blacks, ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu katikati ya mwaka 1976, wiki chache tu baada ya watoto wa shule kupigwa risasi Soweto, Juni 16. Afrika ilikasirika, na ilikuwa na haki ya kukasirika. Baraza Kuu la Michezo Afrika lilidai New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilijibu kwamba raga haimo katika michezo ya Olimpiki, kwa hiyo haina la kufanya.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kutangaza kwamba haitakwenda. Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na wapigania uhuru wa kusini mwa bara walikuwa wakiishi na kufunzwa humuhumu nchini. Serikali ya Mwalimu Nyerere isingeweza kuwahifadhi wapigania uhuru kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine kushangilia mbio pamoja na waliocheza na makaburu. Nchi nyingi zilifuata, na baadhi ziliwarudisha nyumbani wanariadha waliokwisha kufika Canada.

Mzozo huu hauishi uchungu wake kwa sababu mpinzani wa Bayi alikuwa raia wa nchi ileile iliyolalamikiwa. Walker hakuwa mchezaji wa raga, wala Bayi hakuwa mwanasiasa. Imeandikwa pia mara nyingi kwamba Bayi alikuwa amesumbuliwa na malaria wakati ule, na wapo wanaoamini asingekuwa katika ubora wake. Huenda ni kweli. Hata hivyo, mtu mwenye rekodi ya dunia, mwenye umri wa miaka 23, alinyimwa nafasi ya kuamua mwenyewe kwa miguu yake. Walker alichukua dhahabu kwa dakika 3:39.17, karibu sekunde saba nyuma ya muda wa Bayi wa Christchurch. Zilikuwa mbio za kuviziana, zile ambazo Bayi alizikataa maisha yake yote.

Mwandishi huyu hana shaka kwamba msimamo wa Tanzania ulikuwa sahihi. Mwaka uliofuata viongozi wa Jumuiya ya Madola walitia saini makubaliano ya Gleneagles ya kuzuia ushirikiano wa kimichezo na Afrika Kusini, na kususa kwa Montreal kulichangia kuwasukuma huko. Makaburu walitengwa viwanjani hadi mfumo wao ulipoporomoka. Lakini taifa linalomtaka mtu atoe kitu kikubwa kwa ajili yake hubaki na deni. Deni la Bayi halijatajwa vya kutosha katika hotuba zetu za ukombozi. Tunawataja wanajeshi na wanadiplomasia, na tunafanya vyema, ila tunawaruka wanamichezo waliokaa nyumbani Julai ile wakisikiliza redioni matokeo ya mbio zilizokuwa zao.

Moscow na Mpoland

Nafasi ya Olimpiki ilirudi mwaka 1980, Moscow, na Bayi aliingia kwenye mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Julai 31 alikimbia kama kawaida yake: mbele, peke yake, akiwaacha wenzake kwa mita nyingi. Katika mzunguko wa mwisho nguvu zilimwishia na Mpoland Bronisław Malinowski akampita. Malinowski alipata dhahabu kwa dakika 8:09.70, Bayi fedha kwa 8:12.48. Siku iliyofuata Suleiman Nyambui alipata fedha ya mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Medali hizo mbili ndizo pekee ambazo Tanzania imewahi kupata katika Olimpiki hadi leo.

Malinowski alikufa Septemba 1981 katika ajali ya gari kwenye daraja la mto Vistula, mjini Grudziądz, kaskazini mwa Poland. Alikuwa na miaka 30. Mji huo haukumwacha apotee. Daraja lina jina lake, na kwa miongo mingi wakazi wameandaa mbio za barabarani za kumkumbuka, zikiwaita wakimbiaji wa mkoa mzima na wa nchi za nje. Mtoto wa Grudziądz hukua akijua nani alikuwa bingwa wa mji wake.

Miaka ya neema, kisha ukame

Miaka ya 1980 ilikuwa ya Tanzania barabarani. Gidamis Shahanga alikuwa ameshashinda marathoni ya Jumuiya ya Madola ya 1978, akaongeza dhahabu ya mita 10,000 mwaka 1982. Mwaka huohuo, huko Brisbane, Juma Ikangaa alishindwa na Rob de Castella wa Australia kwa sekunde 12 tu, katika marathoni ambayo wengi huiweka kati ya bora za karne. Ikangaa alishinda Tokyo, Fukuoka na Beijing, na mwaka 1989 akashinda New York kwa rekodi ya saa 2:08:01. Nyambui alishinda Berlin mara mbili.

Hawa wote walitoka katika mfumo mmoja: shule zilizokuwa na viwanja na walimu wa michezo, halafu majeshi yaliyowapa ajira, chakula na muda wa mazoezi. Mfumo huo ulichoka taratibu. Pigo kubwa lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali iliposimamisha mashindano ya shule za msingi na sekondari. Yalirejeshwa baadaye, na Shirika la Elimu Kibaha, lile lililoanzishwa kwa msaada wa nchi za Nordiki miaka ya 1960, limewahi kuwa mwenyeji wa fainali za taifa za UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Lakini watoto wa miaka ile ya katikati walikuwa wameshapita. Hata ndani ya ukame huo Francis Naali na Samson Ramadhani walishinda marathoni za Jumuiya ya Madola za 2002 na 2006, na Christopher Isegwe akapata fedha ya dunia mwaka 2005. Hao hatukuwaandalia lolote la maana. Walijitafutia.

Jibu la Mkuza

Bayi alianza na shule ya watoto wadogo nyumbani kwake Kimara, pamoja na mkewe Anna, kisha wakapanua kazi hadi Kibaha. Taasisi inayobeba jina lake ilijenga shule zenye viwanja, jambo ambalo leo lingepaswa kuwa la kawaida na sasa linaonekana la ajabu. Kituo cha Olympafrika cha Mkuza kimepokea mafunzo na kambi za wanamichezo wa taifa. Mwaka 2022 kilitoka pia kitabu cha maisha yake, Catch Me If You Can, kilichoandikwa kwa Kiingereza. Kinastahili kutoka kwa Kiswahili, kwa sababu wanaokihitaji zaidi ni wanafunzi wa Kibaha, Kisarawe na Karatu.

Katika wilaya jirani ya Kisarawe hakuna kituo kama hicho, lakini kuna ardhi ambayo mkimbiaji angeiomba. Vilima vya Pugu na msitu wa Kazimzumbwi vina miinuko na kivuli, na vipo karibu sana na Dar es Salaam. Vikundi vya jogging vya jijini, vinavyojaza barabara alfajiri ya Jumamosi na Jumapili, vimeshajua utamu wa kupanda kuelekea huko.

Mbio za barabarani zimeongezeka nchini. Kilimanjaro Marathoni ya Moshi imekuwapo tangu 2003, na sasa karibu kila mkoa una mbio zake, nyingi zikibeba majina ya benki na kampuni. Ni jambo jema. Zinaleta afya, fedha za hisani na wageni. Lakini mbio za wikiendi hazimtengenezi Simbu. Anatengenezwa na mwalimu wa michezo anayemwona mtoto wa darasa la tano akikimbia, na kiwanja ambacho hakijageuzwa kuwa fremu za maduka. Pwani inakua haraka kwa viwanda, na kila eneo la wazi lina mtu analitolea macho.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Halmashauri za Kibaha na Kisarawe zina nafasi ya kutimiza msemo huo mwaka huu wa kumbukumbu ya Montreal: mbio za kila mwaka zenye jina la Filbert Bayi, zianzie Mkuza na kumalizikia vilimani Kisarawe, na fedha za usajili ziende kwenye viwanja vya shule za msingi za wilaya hizi. Ziwe na mbio za watoto kabla ya za watu wazima, na kila shule ilete timu yake. Bayi yuko hai na anaweza kupiga bastola ya kuanzisha. Wapoland walimwekea Malinowski mbio alipokuwa amekwisha kufa. Sisi tunaweza kumpa wetu akiwa anaona.